Somo la Mwezi Huu: Nenda Barazani na Chupa ya Maji

Ndugu mkulima, wewe uliye Wanjohi, Ol Kalou au mahali pengine palipogawanywa mashamba ya skimu tangu mwaka 1962, somo letu leo ni la ziwa ambalo pengine hujapata kufika kando yake. Ziwa Naivasha liko chini katika Bonde la Ufa, nawe uko juu kwenye baridi. Huvui samaki wake wala hunywi maji yake. Lakini mvua inyeshayo shambani mwako huteremka mpaka huko, na iko siku utaitwa barazani uulizwe mbolea inayolichafua ziwa ipunguzwe namna gani. Siku hiyo usikae kimya. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, na kazi yangu katika mabaraza ni kuandika muhtasari. Najua vizuri ni maneno gani yanayoingia kwenye karatasi na ni yapi yanayobaki nje.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe.

Sehemu kubwa ya maji ya ziwa huletwa na Mto Malewa, ambao pamoja na Turasha hukusanya vijito vya milima ya Nyandarua na uwanda wa Kinangop. Mto Gilgil huongeza kidogo, na Karati huja wakati wa mvua tu. Ziwa halina mto unaotoka. Maji yake hukauka kwa jua au hupenya chini ya ardhi, lakini matope yaliyoingia hayana pa kwenda.

Ndani ya matope hayo mna chakula cha mimea. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9 za naitrojeni na kama kilo 10 za fosforasi. Viazi huvihitaji, na mimea ya majini vile vile. Mwani, yaani vimea vidogo vinavyoyafanya maji yawe ya kijani kama supu ya mboga, ukipata fosforasi hukua upesi mno: kilo 1 yaweza kukuza kama kilo 100 za mwani mkavu. Mwani ukifa huoza, na kuoza huko hutumia hewa iliyomo majini hata samaki wakakosa pumzi. Aina nyingine za mwani zina sumu kwa ng'ombe na kwa watu. Gugu-maji, lililoonekana Naivasha mwaka 1988, nalo hunenepa kwa chakula hicho hicho. Mwezi wa Februari mwaka 2010 samaki wengi walionekana wakielea wamekufa, ukazuka ugomvi mkubwa, huyu akilaumu mashamba ya maua, yule akisema ni kukosekana kwa hewa majini.

Pengine utauliza, je, ni kweli mbolea yaweza kulibadili ziwa zima? Sikiliza habari hii. Mwaka 1973, huko Ontario katika nchi ya Kanada, wataalamu wakiongozwa na David Schindler walichukua ziwa dogo wakaligawa katikati kwa pazia. Pande zote mbili wakatia kaboni na naitrojeni. Upande mmoja tu wakaongeza fosforasi. Upande huo ukageuka kijani, wa pili haukugeuka. Katika chuo cha ualimu tuliambiwa kwamba jaribio zuri ni lile ambalo mtoto wa darasa la nne aweza kulieleza nyumbani kwao, na hili naliona ni la namna hiyo.

Sasa shika jambo moja hili, maana ndilo litakalokusaidia barazani. Naitrojeni huyeyuka ikaenda na maji bila kuonekana. Fosforasi tabia yake ni nyingine: hushikamana na udongo. Udongo ukibaki shambani, fosforasi nyingi hubaki nao. Udongo ukiondoka, fosforasi husafiri juu ya mgongo wake. Wakulima wa viazi huambiwa watie mifuko 4 ya DAP kwa eka moja, maana yake kilo 40 hivi za fosforasi. Viazi havichukui zote. Zilizobaki zimo katika udongo wa juu, ule ule unaochotwa na mvua kubwa ya kwanza kabla majani ya viazi hayajafunika ardhi. Basi matope mekundu ya Malewa ni fedha yako, tena uliyoitoa kwa shida.

Je, ni wewe peke yako unayelichafua ziwa? Hapana. Yako maji machafu ya mji wa Naivasha, yako mashamba makubwa ya kando ya ziwa, iko mifugo inayonyweshwa mtoni, iko mitaro ya barabara. Tena mafunjo yaliyokuwa yakichuja maji yanapoingia ziwani yamepungua sana. Haifai ukubali lawama yote. Lakini ukisimama barazani ukasema, "Sisi wa huku juu hatuhusiki," hutasikilizwa tena siku hiyo, nami nimeona hivyo mara nyingi.

Kuna lipi la kupoteza? Chukua penseli tufanye hesabu. Tuseme una shamba la eka 2 linalopakana na mto kwa urefu wa mita 100. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitaja ukanda usiolimwa kando ya mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, kwa kufuata upana wa mto. Ukanda wa mita 6 utachukua meta za mraba 600, karibu sehemu moja kwa saba ya eka. Hiyo yavumilika. Ukanda wa mita 30 utachukua meta za mraba 3,000, yaani karibu robo tatu ya eka. Katika eka 2 hilo si jambo dogo. Pengine ndiyo karo ya watoto. Sasa wakiulizwa watu upana ufaao kwenye kijito chenu, na ukanda huo upandwe nini, nawe umekaa nyuma ukiongea na jirani habari za bei ya maziwa, watakujibia wengine.

Sheria iko upande wako. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, inaitaka Serikali iwatie moyo wananchi kushiriki katika kutunza mazingira, na kifungu hicho hicho kinamtaka kila mtu ashirikiane katika kazi hiyo. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inavitambua vyama vya watumiaji maji, ambavyo mkulima wa kawaida aweza kuingia na kusema. Tena kuacha kuwauliza watu kuna hasara yake. Mwaka 2004 mpango wa kulitunza Ziwa Naivasha ulitangazwa katika Gazeti la Serikali, kisha wakatokea watu waliosema hawakushauriwa, wakaenda mahakamani, na kazi ikasimama. Ziwa halikungoja kesi iishe.

Basi uende na nini? Nasema uende na chupa mbili.

Tafuta chupa mbili za lita moja zilizo wazi na sawa kwa umbo. Siku ya mvua kubwa, jaza moja mahali maji yanapoingilia shambani mwako, na ya pili mahali yanapotokea. (Mtoni usiingie ukiwa umefurika. Funga chupa kwenye fito.) Andika tarehe juu ya kila chupa, uziache zitulie mpaka kesho yake, kisha pima matope yaliyotua chini kwa rula ya mtoto wa shule. Kama ya kutokea ina matope mengi zaidi, udongo ni wako. Kama ya kuingilia imejaa matope tayari, basi yatoka juu, kwa jirani au barabarani, na sasa una ushahidi. Rudia mvua tatu au nne. Chupa haionyeshi naitrojeni, nimekwisha sema huyeyuka, lakini kwa habari ya udongo haisemi uongo.

Pamoja na chupa, andika kwenye daftari mifuko ya mbolea uliyotia, tarehe uliyoitia, na kama uliifunika mferejini au uliimwaga juu ya ardhi mvua ikiwa inakuja. Kama umepimisha udongo, chukua na karatasi ya majibu; huenda ikaonyesha kwamba huhitaji mifuko yote 4, na hilo litakufaa hata kama baraza halikuitishwa kamwe.

Kisha fikiri unaweza kufanya nini, na kwa gharama gani. Fanya juu zahitaji siku nyingi za jembe. Kulima kwa kukingama mteremko hakuna gharama ila kuacha mazoea. Birika la kunyweshea ng'ombe mbali na mto lataka saruji na bomba. Mtaalamu aweza kukushauri upande nepia ukingoni, nawe wajua kwamba kwenu jalidi huiunguza, na nyasi za kikuyu ndizo zinazoshika vizuri. Hilo lisemwe kwa sauti! Mtaalamu hakai kwenu mwezi wa Julai saa kumi na moja alfajiri. Useme pia unataka nini kwa kazi utakayoifanya. Si aibu kudai. Katika sehemu za Wanjohi na Turasha ya juu, mwaka 2010, wakulima waliopanda majani na kuzuia udongo walipewa vocha za kununulia pembejeo kupitia vyama vya watumiaji maji, kwa kuwa waliamini kule chini kwamba maji safi yana bei yake. Ukanda wa majani nao si hasara tupu. Ng'ombe wa maziwa atakula.

Sasa nikueleze kisa cha barazani. Katika baraza moja niliandika muhtasari kurasa nne. Walisema wazee, alisema mwenyekiti, walisema wageni. Mwisho likaandikwa azimio kwamba wananchi wamekubali wakulima waache kulima kando ya mto. Nilipokuwa natoka langoni mama mmoja akanishika mkono akaniambia, "Karani, mbona hamkuandika habari za kalvati?" Maji ya barabara yalikuwa yanatupwa na kalvati hilo katikati ya viazi vyake, yamechimba korongo la kumfika kiunoni, na udongo wote waenda mtoni. Nikamwuliza mbona hakusema. Akajibu kwamba wanaume walikuwa bado wanasema, kisha baraza likafungwa. Muhtasari ulikuwa umekwisha kutiwa sahihi. Nilikuwa na kalamu mkononi, wala sikuwa na ruhusa ya kuandika neno lisilosemwa ndani.

Kwa hiyo, mama, wewe unayepalilia na kuteka maji ndiwe ujuaye mahali maji yanapovunja tuta. Usingoje wanaume wamalize. Ukiona haya kusimama, andika barua kwa Kiswahili au kwa lugha yenu, utie jina, namba ya shamba na tarehe, umpe karani mkononi kabla baraza halijaanza. Barua huambatishwa na muhtasari. Nawe mzee ukipewa nafasi, sema maneno machache yenye hesabu: "Nimetia mifuko mitatu. Nimepima matope mara nne. Maji yanaingia kwangu yakiwa machafu tayari, yakitoka kwenye kalvati lile. Mita 6 nitatoa, mita 30 siwezi. Nataka msaada wa birika." Karani aweza kuyaandika yote hayo bila kuinua kichwa.

Kabla ya kufungwa, mwombe mwenyekiti muhtasari usomwe kwa sauti. Hakuna atakayekukatalia mbele ya watu. Neno lako likiwa halimo, inua mkono papo hapo, maana wakati huo bado natumia penseli. Chupa zako ziweke mezani mbele ya wageni toka mwanzo, ili matope yapate muda wa kutua watu wayaone. Na ukija kwa gari usizipakate. Zifunge vizuri ndani ya kikapu, maana njia ya kwetu mwaijua.