MKATE KWANZA, MAHUBIRI BAADAYE
Andiko la somo: 1 Wafalme 19:1–21

Leo tunamwangalia Eliya huku tukimkumbuka mwanafunzi wa chuo.

Machi 15, 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa Kenya, serikali iliagiza masomo yasimame. Vyuo vikuu vikapewa hadi Machi 20. Kijana aliyesomea Nairobi au Eldoret alirudi Wajir na begi moja, akidhani ni wiki chache tu. Machi 27 kafyu ikaanza, na makanisa yalikuwa yashafungwa. Ushirika wa chuoni ukakatika, kibarua cha wikendi kikaisha. Masomo yakahamia mtandaoni, naye hana bando wala netiwaki. Wengi walirudi darasani baadaye. Wengine hawakurudi.

1. Upweke ulitangulia
Mstari wa 3, Eliya anamwacha mtumishi wake Beer-sheba. Mstari wa 4, yuko jangwani peke yake anaomba kufa. Sisi wa huku tunaijua nyika: hakuna anayeivuka peke yake na dumu tupu. Kijana akianza kujitenga na kutojibu simu, usikimbilie kusema amerudi nyuma kiroho. Mfuate.

2. Mungu alianza na mwili
Malaika hakumkemea Eliya. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akarudi mara ya pili. Hiyo mara ya pili ndiyo hutushinda. Tunapiga simu moja, tunasema "tunakuombea," basi.

3. Mungu alimpa mtu
Eliya alilia kwamba amebaki pekee. Mungu akamwambia wako elfu saba, lakini pia akamtajia Elisha kwa jina. Elfu saba walimfariji; aliyetembea naye ni mmoja. Kanisa linaweza kujaa Jumapili, na kijana akose hata mtu mmoja wa kumpigia saa nne usiku. Huyo bado yuko chini ya mretemu.

Basi tusimwambie kijana "jikaze" kana kwamba nguvu zote ziko ndani yake. Eliya alitembea siku arobaini kwa nguvu za chakula alicholetewa. Majirani zetu Wasomali wana qaaraan: mmoja akipatwa na shida, jamaa wanachanga. Sisi tulioagizwa kubebeana mizigo (Wagalatia 6:2) tusibaki nyuma.

La kufanya wiki hii
Msingoje gonjwa lingine. Kila seli iandike majina ya wanafunzi wake wa chuo, na kila jina lipewe mtu mzima mmoja. Apige simu mara mbili kwa mwezi, aulize: Umekula? Unalala? Bando iko? Akisikia kijana anataka kufa, asimwache peke yake. Ampeleke hospitali siku hiyo hiyo na amjulishe mchungaji. Maombi na daktari havigombani.

Swali la kujadili: Katika seli yenu, ni mwanafunzi gani hajasikika mwezi huu, na nani atamfuata?