Baka la Zambarau Mguuni: Saratani ya Kaposi Inavyotambuliwa

Mtu ana baka mguuni. Haliwashi wala haliumi. Lina rangi ya zambarau, au kwenye ngozi nyeusi, hudhurungi iliyokolea hadi kukaribia weusi. Rangi hiyo imetoka wapi?

Imetoka kwenye damu. Damu iliyo ndani ya mishipa mizima ukiibonyeza husogea, na rangi hufifia kwa muda. Ukibonyeza baka hili kwa kioo, rangi haiondoki yote, kwa sababu damu nyingine imeshavuja na kunasa kwenye nyama.

Inavuja kwa nini? Seli zinazotandaa ndani ya mishipa ya damu na ya limfu zimeingiwa na kirusi, zikawa ndefu, zimechongoka ncha zote mbili. Seli hizo hujenga vijishipa visivyokamilika, nyufa tu, na chembechembe nyekundu hupenya humo. Limfu nayo ikizibiwa njia, mguu hufura hadi watu wadhani ni matende.

Daktari Moritz Kaposi alieleza ugonjwa huu huko Vienna mwaka 1872. Kirusi chenyewe, cha nane katika jamii ya herpesi za binadamu, kilikuja kugunduliwa na wanasayansi Yuan Chang na Patrick Moore mwaka 1994. Huenea zaidi kwa mate, na wengi wanaokibeba hawaugui kamwe. Uganda ilikuwa na wagonjwa wa Kaposi kabla UKIMWI haujajulikana. VVU vilipodhoofisha kinga za watu, wagonjwa hao wakaongezeka mno.

Hapa ndipo naomba tuwe makini. Jicho, hata la daktari mzoefu, hudanganywa. Bakteria wa Bartonella hutoa vinundu vyekundu vinavyofanana sana na mabaka haya, lakini vinundu hivyo hupona kwa antibiotiki. Kovu lililovimba na fangasi wa ndani ya ngozi pia huchanganya. Kumwanzishia mtu dawa za saratani kwa kukisia ni kumwonea.

Kwa hiyo hukatwa kipande kidogo cha nyama ili kipimwe. Ngozi hupigwa ganzi, kisha kisu kidogo cha mviringo, mara nyingi cha milimita 4, hutoa kipande. Chini ya hadubini mtaalamu hutafuta seli zile zilizochongoka na nyufa zenye damu. Akibaki na shaka, hutia rangi inayonasa LANA, protini ambayo kirusi hutumia kujifunga kwenye kromosomu ili seli ikigawanyika, nacho kigawanyike nayo. Vinukta vikitokea ndani ya viini vya seli, kirusi kimeonekana kilipojificha.

Mgonjwa hupimwa VVU pia, maana akiwa navyo, ARV ndiyo nguzo ya tiba, na kwa wengine mabaka hupungua kwa dawa hizo pekee. Basi ndugu msomaji, ukiwa na baka la namna hii, usilichome wala kulipaka dawa ya kubahatisha. Nenda hospitali, omba kipande cha nyama kipimwe, na mwombe daktari akuangalie kaakaa, kwani mabaka haya hujitokeza kinywani pia.