Damu ya Kitovu: Kuhifadhi, Kuchangia au Kuacha?

Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma baada ya mtoto kuzaliwa ina seli shina, zile zile zinazotengeneza damu ndani ya uloto. Kitovu kikishakatwa, mkunga huchoma sindano kwenye mshipa wa kipande kilichobaki upande wa kondo, na damu hushuka yenyewe katika mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande. Mama hasikii maumivu na mtoto haguswi. Kinachopatikana ni kidogo, mara nyingi mililita 50 hadi 100, nacho huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri.

Tiba kwa damu hiyo ilianza Paris mwaka 1988. Daktari Eliane Gluckman alimpandikizia mvulana kutoka Marekani, mwenye anemia ya Fanconi, damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Kwa hiyo tangu mwanzo damu ilitoka kwa ndugu, si kwa mgonjwa mwenyewe, na hapo ndipo wauzaji wengi wa huduma ya kuihifadhi hupita harakaharaka.

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam, ana mimba ya miezi saba, na mtoto wake wa kwanza, mwenye miaka sita, anaugua selimundu. Wakala amemletea mkataba wa kuhifadhi damu ya kitovu nje ya nchi, akiuita “bima ya mtoto”. Mume yuko tayari kukopa. Mama mkwe hataki kitovu kiguswe.

Kama bima ya huyo atakayezaliwa, mkataba hauna maana. Akizaliwa na selimundu, damu ya kitovu chake itakuwa na kasoro ile ile ya kurithi. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilirudia ushauri wake kwamba wazazi wasihifadhi damu hiyo kwa matumizi ya familia kama bima tu. Kiliacha mlango mmoja wazi: familia yenye mtoto mgonjwa ambaye upandikizaji unaweza kumtibu. Familia ya Tabata imo humo.

Hata hivyo hesabu ni nyembamba. Ndugu wa baba na mama mmoja hulandana kikamilifu kwa aina ya tishu, kama upandikizaji unavyotaka, mara moja katika nne. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua, mtoto huepuka ugonjwa mara tatu katika nne. Mambo hayo mawili yakutane kwa mtoto mmoja: nafasi ni 3 kati ya 16. Na mfuko ukiwa na seli chache, hautoshi.

Lenye uzito zaidi, na ambalo wakala hakulitaja, ni kwamba mtoto akilandana na nduguye, uloto wake haupotei kwa kuikosa damu ya kitovu. Atakapokua kiasi unaweza kutolewa, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, hupandikiza uloto wa ndugu kwa watoto wenye selimundu.

Kuchangia ni jambo jema kweli, hasa kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika, ambao hupata shida kumpata mtu wa kulandana naye. Lakini kunahitaji hospitali iliyounganishwa na benki ya umma, na Tanzania haina benki hiyo.

Hofu ya mama mkwe, kama ni juu ya kuzikwa kwa kondo, ina jibu jepesi: hata damu ikichukuliwa, kondo hubaki na huzikwa kama kawaida. La kulinda ni dakika ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri kitovu kisibanwe kabla haijapita, ili mtoto apate damu na madini ya chuma. Kisibanwe mapema ili mfuko ujae.

Basi mkataba usisainiwe kwa mkopo. Wazazi waende kwanza kliniki ya selimundu ya mtoto wao na kuuliza kama kuna hospitali itakayoukubali mfuko huo. Wasipopata jibu la ndiyo, fedha hizo zina kazi bora: dawa ya haidroksiurea ya mkubwa, na vipimo vya mdogo akishazaliwa, cha selimundu na cha kulandana na nduguye.