Mwewe Bila Daftari: Vidokezo 9 vya Kurekodi Ndege Mbuai wa Mtaani Kwako

Kuku mwenye vifaranga hahitaji darubini. Kivuli kikipita uani tu, keshapiga kelele na watoto wote wako chini ya mabawa. Kasoro yake ni moja: haandiki.

Binadamu wachache waliandika. Kati ya 1970 na 1977 kuna watu waliopita barabara za Kenya wakihesabu tai, tumbusi na jamaa zao. Hesabu hizo zikaja kulinganishwa na za 2003 hadi 2020, na utafiti uliochapishwa 2022 ukaonyesha kuwa aina 19 kati ya 22 zimepungua. Bila madaftari yale tungebaki na maneno ya barazani: "zamani walikuwa wengi." Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndege ni vivyo hivyo. Haya, shika kalamu.

1. Anza na wa kila siku. Mwewe anayezunguka juu ya jaa la sokoni ndiye wa kuandikwa kwanza. Tumbusi mgongo-mweupe naye alikuwa wa kawaida tu, hadi 2015 alipoingizwa kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka.

2. Mambo matano, palepale. Tarehe, saa, mahali, idadi, na alikuwa akifanya nini. "Naivasha" haitoshi; "kwenye mgunga mkubwa, kona ya kuingilia ziwani" inatosha. Ukisubiri kuandika jioni, mmoja atakuwa watatu.

3. Chunga saa yako. Niliwahi kumwona kwazi akinyakua samaki saa tatu asubuhi. Daftarini nikaandika "saa 3", nyumbani nikaingiza 3:00 kwenye simu. Rekodi ikasomeka kwamba kwazi wetu anavua usiku wa manane, gizani! Simu inataka 9:00. Andika kama simu inavyosoma, au uongeze neno "asubuhi" na ukumbuke kujumlisha sita.

4. Tazama mkia, ukubwa uache. Angani hakuna cha kupimia, ndiyo maana mwewe wa karibu huonekana tai. Mkia hausemi uongo. Wa mwewe una panda, naye huupinda huku na huku kama usukani. Pungu mkia karibu hana. Akipaa utadhani ni mabawa matupu. Na yule mweusi anayekaa juu ya nguzo ya stima, kishungi kirefu kikichezacheza na upepo? Msubiri aruke: mabawani ana mabaka meupe kama madirisha mawili.

5. Usibahatishe. "Tumbusi, aina sikuitambua" ni rekodi safi kabisa. Jina la kubuni ndilo baya, kwa sababu miaka 20 baadaye hakuna atakayelitofautisha na la kweli. Piga picha, hata kama ina ukungu. Wakizunguka kundi zima, andika idadi kubwa uliyowaona kwa mara moja. Ukiwahesabu kila wakipita, sita watakuwa thelathini.

6. Andika na patupu. Umetembea saa mbili hukuona hata mmoja? Hiyo nayo ni habari. Chagua njia moja, ya kwenda kazini au kipande kilekile cha safari ya matatu, uipite kila wiki. Sifuri zikianza kufuatana pale palipokuwa na mwewe watano, umegundua jambo.

7. Mvua ikinyesha, angalia juu. Kumbikumbi wakitoka, mbuai nao huwafuata. Novemba na Desemba hupita vipanga wadogo wa Amur, waliotoka mashariki ya Asia na kuvuka Bahari ya Hindi, wakielekea kusini mwa Afrika. Safari yote hiyo, nawe utawakuta wakila kumbikumbi juu ya shamba la mahindi.

8. Kiota ni siri, mzoga ni hatari. Usitangaze kiota kwenye kundi la WhatsApp, hasa cha bundi, maana wapo wanaomwona kuwa ni ndege wa mkosi na hawakawii kuokota mawe. Ukikuta tumbusi kadhaa wamekufa mahali pamoja, shuku sumu. Usiguse kitu, mbwa na watoto wasisogee. Hesabu, piga picha kwa mbali, kisha uwaarifu maofisa wa wanyamapori siku hiyohiyo.

9. Usilalie daftari. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba ya takriban kilomita 9 kila upande, na orodha yako huingia kwenye mraba wake. Kwa Tanzania ipo Tanzania Bird Atlas, na mtandao wa eBird hupokea kutoka popote. Ukiulizwa kama umeorodhesha ndege wote uliowatambua, jibu kwa ukweli, kwani jibu hilo ndilo linaloipa sifuri yako maana.

Kuku akipiga kelele tena uani, okoa kifaranga kwanza. Kisha inua macho uone mkia, na uangalie saa.