Tembo Akifika Shambani

Mahindi yakianza kukomaa, wakulima wengi wanaopakana na hifadhi huanza kukesha. Tembo mzima hula zaidi ya kilo 100 kwa siku, na kundi likiingia shambani usiku, kunakucha yamebaki mabua. Hasara hiyo, pamoja na ile ya mifugo kuliwa na simba au fisi, ndiyo huzaa mishale, mitego ya nyaya na sumu. Ndiyo maana uhifadhi kijijini huanzia shambani na zizini.

Nyuki na pilipili

Huko Sagalla, Taita Taveta nchini Kenya, jirani na Hifadhi ya Tsavo Mashariki, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga. Huning'inizwa kwa nafasi ya mita 10, mingine ikiwa ya bandia ili kupunguza gharama, na yote huunganishwa kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki humchoma machoni na ndani ya mkonga. Watafiti waliofuatilia mashamba hayo kwa miaka kadhaa walikuta kuwa takriban tembo watatu kati ya kila wanne waliokaribia uzio hawakuingia. Asali nayo huuzwa.

Uzio huu una udhaifu wake. Ukame wa mwaka 2017 uliiacha mizinga mingi mitupu, na nyuki walichelewa kurudi. Mfugaji wa nyuki hana budi kuwawekea maji na kutunza miti inayotoa maua.

Asiye na mizinga anaweza kutumia kamba za katani na vitambaa vilivyopakwa pilipili ya kusaga iliyochanganywa na oili chafu. Harufu humkera tembo. Mvua ikiosha, mchanganyiko upakwe upya.

Zizi lililo hai

Boma la miiba hudai matawi mapya kila mara, na fisi au simba hulipenya. Katika wilaya ya Simanjiro nchini Tanzania, wafugaji wengi wamefunga wavu wa waya kwenye nguzo za miti inayochipua ikichomekwa ardhini. Nguzo hukua, ukuta huzidi kuwa imara, na miti ya porini hupona shoka.

Zizi likiwa salama, hamu ya kulipiza kisasi kwa sumu hupungua. Mzoga uliotiwa sumu hauchagui: huua simba, fisi, mbwa wa kijiji na tumbusi ambao kazi yao ni kusafisha mizoga.

Ushoroba usizibwe

Nyumbu na pundamilia hupita ushoroba wa Kwakuchinja, yaani njia yao kati ya hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara, wakifuata malisho na maji. Nyumba au shamba likiwekwa katikati ya njia hiyo, mwenye nyumba na mnyama wote hupata taabu. Mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pa kuutenga ushoroba, kupitia mpango wa matumizi ya ardhi.

Mnyama akivamia

Usimkabili tembo peke yako wala usimpige mawe. Toa taarifa mapema kwa serikali ya kijiji, askari wanyamapori au ofisa wanyamapori wa wilaya. Hasara ikitokea Tanzania, usifyeke shamba kabla halijakaguliwa: kanuni zinaruhusu kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au familia ya aliyeuawa. Fuatilia haki hiyo, na mitego ya nyaya unayoikuta porini iripoti siku hiyohiyo.