Ubao wa Kupigia Kasia kwa Kusimama: Upi Unalifaa Ziwa Victoria?

Swali: Msomaji wa Mbita, Kaunti ya Homa Bay, anauliza ni ubao upi wa aina hii unaomfaa anayeanza.

Jibu: Sifa inayotangulia nyingine zote ni upana, kwa kuwa ndio unaompa mpandaji uthabiti. Kwa mwanagenzi, sentimita 80 hadi 86 kwa urefu wa mita 3 na ushei hutosha, mradi ujazo wa ubao, yaani nafasi ya ndani inayouwezesha kuelea, ukipimwa kwa lita, ukaribie maradufu ya kilo za mpandaji na mzigo wake. Ubao mgumu huteleza vyema zaidi, lakini ule wa kujazwa upepo hukunjwa ukabebeka kwa matatu kutoka mjini Migori hadi Muhuru Bay, na kwa wengi hilo pekee humaliza ubishi.

Linalosahauliwa ni pezi, kipande kilicho chini ya mkia kinachouzuia ubao kuyumba, kwani katika Ghuba ya Winam pezi refu hunaswa na magugumaji, hivyo fupi lenye kupinda ni bora. Kwa kuwa alfajiri upepo wa nchi kavu huvuma kuelekea ziwani na kuweza kumsukuma mtu mbali na ufuo, kamba ya kifundoni na jaketi la kujiokolea si mapambo.

Hakuna ubao unaomkinga mtu na kiboko. Wavuvi wa ufuo husika waulizwe kabla ya kuingia majini.