Namna ya Kulitazama Jumba la Jiji la Manchester

Ukifika Albert Square, usianze na mnara. Ni mzuri, una urefu wa mita 85, lakini utauona tu. Zunguka jengo zima kwanza: shika Princess Street, kata Cooper Street, rudi kwa Lloyd Street. Utagundua kwamba kiwanja ni cha pembetatu, umbo linalomsumbua msanifu yeyote. Alfred Waterhouse, aliyelijenga kati ya 1868 na 1877, aliwekwa wa nne na waamuzi wa shindano kwa uzuri wa sura. Alishinda kwa mpangilio, mwanga na hewa. Litazame kwa vigezo hivyohivyo.

Kuta za nje zina matao ya Kigothi yaliyochongoka, ila rangi ni chache. Moshi wa viwanda vya pamba ungezifunika mara moja, kwa hiyo Waterhouse alizihifadhi kwa ajili ya ndani. Sasa tazama chini ya madirisha. Pale penye mawe ya nakshi pana matundu: hewa safi iliingia humo, ikapita nyuma ya mabomba ya maji moto, ikafika vyumbani ikiwa na joto. Wengi hupita wakidhani ni urembo mtupu.

Ndani, panda ngazi za mzunguko taratibu. Uwazi uliomo ndani yake ulipeleka hewa vuguvugu kwenye korido, na mabomba ya gesi ya taa yalifichwa chini ya vishikio, pale pale unapopitisha kiganja. Mimi naipenda kazi hii kuliko sanamu zote za jengo. Ukiwa koridoni, fuata mwanga: unatoka kwenye nyua za ndani, na Ukumbi Mkuu umekaa katikati ya pembetatu.

Kabla ya kuingia ukumbini, angalia sakafu. Nyuki waliopangwa kwa vijiwe vidogo ni alama ya jiji la wachapakazi. Ukishaingia, darini kuna ngao za nchi na miji iliyofanya biashara na Manchester. Michoro 12 ya ukutani, ya Ford Madox Brown, iache mwisho, maana inadai muda; usimkose mwanasayansi John Dalton akikusanya gesi dimbwini.

Jumba lilifungwa 2018 kwa ukarabati mkubwa, hivyo uliza kabla ya kusafiri iwapo wageni wanaingia. Mzunguko wa nje hauhitaji tiketi.